Saa ya Mkononi Inavyosoma Mapigo ya Moyo, na Jinsi Mashine Inavyofundishwa Kuyaelewa



Katika kurasa za somo la sayansi mwaka huu tumechagua kueleza kitu ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona mikononi mwa watu. Ni zile saa za kisasa ambazo upande wake wa chini, unaogusa ngozi, una taa ndogo ya kijani inayowaka na kuzimika. Mwenye saa huambiwa moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika, na baadhi ya saa hizo humpa onyo kwamba mapigo yake hayana mpangilio, afadhali amwone daktari. Sasa tujiulize: saa isiyo na sikio, iliyofungwa mkononi mbali na kifua, inazijuaje habari za moyo? Na ikishatoa neno lake, tuliamini kwa kiasi gani?

Swali hilo la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ndiyo kusema nchi kama zetu. Kwa hiyo chombo kinachodai kuyagundua maradhi haya mapema hakiwezi kuchukuliwa kama mchezo wa kitoto. Babu akiambiwa ana maradhi naye hana, atakosa usingizi na atatumia fedha ya chakula kwa vipimo. Na akiwa nayo, kisha saa ikanyamaza, huenda akajiona mzima mpaka siku anapoanguka.

MWANGA UNAVYOIONA DAMU

Tuanze na jaribio dogo. Usiku zimeni taa ya chumbani, washeni tochi ya simu, kisha ifunikeni kwa ncha ya kidole. Kidole kitang'aa rangi nyekundu. Mwanga wa tochi ni mweupe, yaani umechanganya rangi zote, lakini damu humeza kwa wingi rangi ya kijani na ya buluu na kuiachia nyekundu ipite. Kinachomeza hasa ni hemoglobini, ile rangi ya damu yenye kazi ya kubeba oksijeni.

Moyo unapojikunja husukuma damu, na mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hujaa kidogo. Damu ikizidi, mwanga unaomezwa nao huzidi, na unaorudi hupungua. Moyo ukilegea, mambo hugeuka. Saa ina taa ya kijani, na kando ya taa kuna kihisi, yaani kijicho kinachopima mwanga unaorudi, aghalabu mara 25, 50 au 100 kwa kila sekunde. Namba hizo zikichorwa kwenye grafu linatokea wimbi linalopanda kwa haraka na kushuka polepole, pigo baada ya pigo. Basi saa haiusikii moyo hata kidogo. Inatazama damu ikijaa na kupwa chini ya ngozi, kama anayekaa ufukweni akatazama maji.

Njia hii ina jina refu, fotoplethismografia, na si ngeni kama saa zenyewe. Mwanasayansi wa Kimarekani Alrick Hertzman wa St. Louis aliandika juu yake mwaka 1937. Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alionyesha kwamba ukitumia mianga ya aina mbili, mwekundu na ule usioonekana kwa macho uitwao infraredi, unaweza pia kukisia kiasi cha oksijeni iliyomo katika damu. Kutokana na kazi yake kikaja kile kibanio cha kidoleni ambacho watu wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19, kiitwacho oksimita.

Shida ni kwamba sehemu ya mwanga inayobadilika kwa sababu ya moyo ni ndogo sana, mara nyingi asilimia chache tu ya mwanga wote unaorudi, na mkononi huwa hata chini ya hapo. Jambo lolote jingine linaweza kuizidi nguvu. Saa ikilegea, mwanga wa jua huingia kwa pembeni. Mtu akisikia baridi, mishipa ya ngozi hujibana. Rangi nzito ya kucha nayo humeza mwanga, kwa hiyo dada zetu waliopaka piko vidoleni wasishangae muuguzi mwenye oksimita akitafuta kidole kingine.

Kubwa kuliko yote ni mtikisiko. Anayetembea kwa haraka hupiga hatua zinazokaribia 120 kwa dakika. Kila hatua huitikisa damu, na wimbi la hatua huweza kuwa kubwa kuliko wimbi la moyo. Hapo saa hupotoka ikahesabu miguu na kusema ni moyo. Ndiyo maana ndani yake huwekwa kihisi cha pili cha kupima mtikisiko, ili programu ijaribu kutoa cha miguu na kubakiza cha moyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walizijaribu saa hizi kwa watu 53 na kutangaza mwaka 2020 kwamba makosa wakati wa shughuli yalizidi yale ya wakati wa kupumzika kwa wastani wa asilimia 30.

KUTOKA WIMBI HADI HESABU

Tuseme mtu ametulia na wimbi limetoka safi. Kitu cha kwanza kupima ni muda kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Muda huu huandikwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Hebu tuchukue watu wawili wa mfano:

Mtu wa kwanza: 800, 810, 790, 805, 795.
Mtu wa pili: 620, 910, 540, 1080, 850.

Jumlisheni kila mstari. Yote miwili inatoa 4,000, wastani wake ni 800, na dakika moja yenye milisekunde 60,000 ukiigawa kwa 800 unapata mapigo 75. Kwa anayetazama namba moja tu iliyoandikwa kwenye kioo cha saa, watu hawa wawili ni sawasawa, na 75 ni namba nzuri.

Sasa tutazame tofauti kati ya muda mmoja na unaoufuata. Kwa mtu wa kwanza ni 10, 20, 15 na 10, wastani kama 14. Kwa mtu wa pili ni 290, 370, 540 na 230, wastani kama 358. Wa kwanza moyo wake unakwenda kama mpigaji dufu hodari. Wa pili ngoma yake haina mahadhi. Huenda vyumba vya juu vya moyo wake, viitwavyo atria, vinapapatika badala ya kujikunja kwa pamoja. Maradhi hayo huitwa kitaalamu fibrilesheni ya atria, nasi hapa tutayaita mpapatiko wa atria. Hatari yake ni kwamba damu hutuama ndani ya vyumba hivyo na kuganda, na donge likichomoka likafika kwenye ubongo huleta kiharusi. Utafiti mashuhuri wa mji wa Framingham, Marekani, katika chapisho la mwaka 1991 ulikuta kwamba maradhi haya huzidisha hatari ya kiharusi takriban mara tano. Na baya zaidi, wapo wanaoishi nayo bila kuhisi chochote.

Hapa hatuna budi kumkumbuka Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Katika kitabu chake cha Qanun aliyapanga mambo ya kuchunguza katika mapigo ya mshipa kuwa aina kumi, na miongoni mwake ni nguvu ya pigo, kasi yake, ulinganifu wa mapigo, na kama yana utaratibu au hayana. Hakuwa na taa wala grafu. Alikuwa na vidole vyake na uzoefu wa wagonjwa wengi, na orodha yake ukiiweka kando ya vipimo ambavyo wahandisi wa leo huvitoa katika wimbi, utaona mambo kadhaa yanakutana.

KUIFUNDISHA MASHINE

Mtu anaweza kuuliza: kama hesabu ni nyepesi namna hii, mashine ya kujifunza ya nini? Si tuandike kanuni kwamba tofauti ikizidi kiasi fulani, mtu huyo ni mgonjwa? Kanuni za namna hiyo zipo na zinafanya kazi. Lakini moyo wa kijana mzima huongeza mwendo anapovuta pumzi na kupunguza anapoitoa, kwa hiyo kutolingana kidogo ni afya. Kuna mapigo ya ziada yanayomtokea mtu mara mojamoja bila madhara. Na kuna wimbi lililovurugwa na mtikisiko, ambalo hufanana mno na la mgonjwa. Ukiandika kanuni kwa kila hali hutamaliza.

Njia ya pili ni kufundisha kwa mifano. Mtoto anayetumwa sokoni kununua nazi hapewi kitabu cha kanuni. Mwanzoni huleta koroma, siku nyingine huleta iliyooza, na kila mara hurekebishwa. Baada ya nazi nyingi mkono wake na sikio lake hujua, hata kama hawezi kueleza amejuaje. Mashine nayo hufundishwa vivyo hivyo. Wimbi hukatwa vipande, tuseme vya sekunde 30 kila kimoja. Kila kipande hupewa lebo, "salama" au "mpapatiko". Lebo hiyo hutoka kwa madaktari waliosoma kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kilichochukuliwa kwa mtu yuleyule na wakati uleule. ECG ndiyo mizani inayoaminiwa, na imekuwapo tangu Willem Einthoven wa Uholanzi alipoitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20.

Ndani ya kompyuta kuna kitu kiitwacho mtandao wa neva bandia. Jina linatisha, lakini kwa hakika ni hesabu ndefu ya kuzidisha na kujumlisha, yenye maelfu au mamilioni ya namba zinazoweza kurekebishwa. Kipande cha wimbi kinaingia upande mmoja, na jibu linatoka upande wa pili. Jibu likikosea, namba zile husogezwa kidogo kuelekea upande wa usahihi. Kisha kipande kingine, na kingine, maelfu kwa maelfu. Utaratibu wa hatua kama huu huitwa algorithimu, na neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya tisa.

Baada ya kufundishwa mashine hupewa mtihani, na hapa watafiti wengi wamejikwaa. Kama mtu mmoja ametoa vipande 1,000, ukafundishia 800 na kutahini kwa 200 vilivyobaki, mashine itapata alama za juu ajabu. Nyie wenyewe mnajua kwa nini. Ni sawa na mwalimu kuleta katika mtihani maswali yaleyale ya daftari. Wimbi la kila mtu lina umbo lake, na mashine inaweza kumtambua mtu badala ya kuyatambua maradhi. Mtihani wa haki ni ule wa watu ambao mashine haijapata kuwaona kabisa. Mkisoma popote kwamba mashine fulani imepata asilimia 99, ulizeni kwanza: ilitahiniwa kwa watu wepi?

Ulizeni pia idadi ya watu, maana vipande huhadaa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mashine yao iitwayo DeepBeat. Kwanza waliifunza kwa mawimbi zaidi ya milioni moja yaliyotengenezwa kwa kompyuta, kisha wakaikamilisha kwa vipande halisi zaidi ya 500,000 vyenye lebo. Vipande nusu milioni! Lakini vilitoka kwa watu zaidi kidogo ya 100. Mkusanyo mwingine unaotumiwa sana na watafiti wa saa hizi, PPG-DaLiA wa mwaka 2019, una zaidi ya saa 36 za vipimo kutoka kwa watu 15. Hatuwalaumu, kwani kuwafunga watu vifaa viwili kwa pamoja na kuwapata madaktari wa kuandika lebo ni kazi ghali. Ila mtoto aliyezoea nazi za shamba moja, ukimpeleka shamba jingine atababaika.

ONYO LIKITOKA, NI KWELI?

Jaribio kubwa lililoleta mazungumzo mengi ni la saa za Apple, lililoendeshwa na Stanford na kuchapishwa Novemba 2019. Walijiandikisha watu 419,297. Programu yake ilipima mpangilio wa mapigo, na haikutoa onyo kwa kipimo kimoja, bali ilingoja mpaka vipimo vitano kati ya sita vioneshe mvurugiko. Waliopata onyo ni 2,161, yaani kama watu watano katika kila elfu. Baadhi yao walitumiwa kibandiko cha ECG cha kuvaa kifuani nyumbani, na watu 450 walikirudisha kikiwa na vipimo vinavyosomeka. Miongoni mwa hao, asilimia 34 ndio waliokutwa na mpapatiko.

Je, asilimia 66 iliyobaki ilionywa bure? Hapana, na hapa panahitaji utulivu. Kibandiko kilivaliwa siku nyingi baada ya onyo, na mpapatiko wa atria kwa wengi huja na kuondoka. Watafiti walipotazama maonyo yaliyotoka wakati kibandiko kimo kifuani, waliona asilimia 84 ya maonyo hayo yalikubaliana na ECG. Namba zote mbili ni za kweli, kila moja ina swali lake, na muuzaji wa saa atakutajia ile ya pili. Nchini China, utafiti uliotumia vifaa vya Huawei, uliochapishwa pia mwaka 2019, ulifuatilia watu 187,912. Walioonywa ni 424, wakafuatiliwa 262, na 227 wakathibitishwa kuwa na maradhi.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila mwanafunzi wa kidato anaweza kuifanya, nayo ni muhimu kuliko tarakimu zote tulizotaja. Tuseme kwa mfano tu kwamba mashine inawagundua wagonjwa 9 katika kila 10, na inawaonya kimakosa wazima 1 katika kila 100. Wavisheni vijana 10,000 ambao wagonjwa miongoni mwao ni 10. Itawaonya wagonjwa 9, na wazima kama 100. Wote walioonywa ni 109, na wenye maradhi kweli hawafiki hata mmoja katika kumi. Wavisheni wazee 10,000 ambao wagonjwa miongoni mwao ni 500. Itawaonya wagonjwa 450 na wazima 95. Hapo wanane katika kila kumi walioonywa wanaumwa kweli. Mashine ni ileile, ila onyo kwa bibi lina uzito ambao onyo kwa mjukuu wake halina.

Ama kunyamaza kwa saa, kuna mfano wa karibuni. Septemba 2025 Apple ilianza kutoa onyo la shinikizo la damu kwa kutumia mwanga huohuo na mashine iliyofundishwa. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba haitamgundua kila mwenye shinikizo. Kwa hiyo mwenye umri wake, hata kama saa haijasema kitu, bado anahitaji kwenda kituo cha afya akafungwe mpira mkononi na kupimwa.

RANGI YA NGOZI

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Melanini, rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi, humeza mwanga kabla haujaifikia damu. Je, saa hizi zinawaona watu weusi kama zinavyowaona weupe?

Jibu linategemea kinachopimwa. Katika kuhesabu mapigo, mashine inahitaji kujua kilele kimetokea lini tu, na wimbi likiwa dogo bado vilele vyake vipo. Ule utafiti wa Duke wa watu 53 haukukuta tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi katika kuhesabu mapigo. Oksijeni ni jambo jingine. Hapo kinachopimwa ni kiasi cha mwanga, na kwa kiasi rangi ya ngozi huingilia. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha oksimita na vipimo vya damu yenyewe. Miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita iliwasomea asilimia 92 hadi 96, kiwango kinachotuliza moyo, asilimia 11.7 ya Wamarekani weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni uliofichika, na kwa weupe ni asilimia 3.6. Ulikuwa mwaka wa UVIKO-19, na kwa namba hiyo watu walikuwa wakipewa kitanda au kurudishwa nyumbani.

Sababu mojawapo ni namna vifaa vilivyokuwa vikitahiniwa. Mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, uliridhika na watu 10, ambao wenye ngozi nyeusi angalau wawe wawili. Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu inayopendekeza watu 150 au zaidi wa rangi mbalimbali. Mashine inayojifunza inarithi kasoro ya namna hii bila kujua. Kama mikono iliyoifundisha ilikuwa meupe kwa wingi, basi ndiyo mikono inayoijua, na hakuna hesabu ya ndani ya kompyuta itakayozalisha mifano ambayo haikuletwa. Mifano hiyo italetwa na vijana watakaosoma hesabu, udaktari na kompyuta, wakakusanya vipimo katika hospitali za kwetu, kwa ridhaa ya wagonjwa wetu.

ZOEZI

Kwanza, wekeni vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Kaeni kimya dakika tano, kisha hesabuni mapigo kwa dakika nzima. Rudieni huku mkivuta pumzi polepole na kuitoa polepole, na muandike mlichokihisi.

Pili, haya ni mapigo ya watu wawili kwa milisekunde. Mmoja ana 700, 720, 690, 710, 680. Wa pili ana 710, 1010, 480, 860, 440. Tafuteni mapigo ya kila mmoja kwa dakika, kisha wastani wa tofauti baina ya muda mmoja na unaoufuata. Ni yupi mngemshauri aende akapimwe ECG?

Tatu, mashine inawagundua wagonjwa 80 katika kila 100, na inawaonya kimakosa wazima 2 katika kila 100. Katika mji wa watu 10,000 wagonjwa ni 100. Watu wangapi wataonywa, na kati yao wanaoumwa ni wangapi? Na wale wagonjwa 20 ambao mashine haikuwaona, nani atawaambia?